Bidoni Yenye Mstari wa Kijani

Mimi ni mtu wa wasiwasi, tena wa kuzaliwa nao. Mvua ikianza nafikiria paa. Mtu akichelewa nafikiria ajali. Simu ikiita asubuhi mapema naitazama kwanza, nameza mate, halafu ndiyo napokea. Mama amenicheka tangu utotoni, anasema huyu akikosa la kuhofia atahofia kwa nini hana hofu. Basi watu wanaponiuliza ilikuwaje mwanamke wa mtaa wa Waswahili wa Rumonge, mji wetu wa ziwani, akaenda kusomea hesabu, tena akaipenda probabilite, hesabu ya uwezekano, ambayo walimu wenzangu huiruka wakiona muhula unaisha, nawaambia ukweli: nilikuwa natafuta dawa. Nilisikia kuna elimu inayopima woga, inayokuambia huu una haki na huu unajisumbua bure. Nikasema hiyo ndiyo yangu, siiachi.

Nafundisha kwenye lise, shule ya sekondari, moja hapa mjini, madarasa ya juu. Kitabu ni cha Kifaransa na mtihani ni wa Kifaransa, lakini nikiona macho ya wanafunzi yamelala nageukia Kiswahili, kwa sababu ndicho tunachogombania bei nacho sokoni. Somo la probabilite yenye sharti nimelifupisha kwenye swali moja: kati ya nani? Mtu akikuambia jambo fulani hutokea mara nyingi, usikubali na usikatae. Muulize kwanza, kati ya nani? Sharti ni hilo tu, jambo unalolijua tayari, ambalo linakupunguzia kundi la kuhesabu.

Mfano wangu ni wa mvua. Darasa lina wanafunzi arobaini. Kumi wanatoka upande wa Kizuka, thelathini ni wa hapa mjini. Siku ya mvua, wanane kati ya wale kumi wa Kizuka wanachelewa, njia yao ni tope tupu. Wa mjini nao wanachelewa, kumi na wawili, kwa uvivu wao tu. Haya. Nikikuambia huyu anatoka Kizuka, utasema bila shaka amechelewa, na hujakosea sana: wanane kati ya kumi. Lakini nikikuambia huyu amechelewa, je, anatoka Kizuka? Darasa zima hujibu ndiyo, kila mwaka, bila kufikiri. Nawaambia wasimamisheni mlangoni wote waliochelewa muwahesabu. Wako ishirini, na wa Kizuka ni wanane kati yao, hata nusu hawafiki. Swali ni lile lile limegeuzwa kichwa chini, na kundi limekuwa lingine. Watoto wa Kizuka hufurahi sana siku hiyo, maana mkuu wa nidhamu akiona kiatu chenye tope huwa ameshahukumu.

Nilidhani nikiwa na swali hilo mfukoni nimemaliza. Nimelitumia kwa magonjwa ya watoto wa shangazi, kwa mabasi ya Bujumbura yanayochelewa, hata kwa mchumba mmoja ambaye hatuna haja ya kumzungumzia hapa. Lilinisaidia. Usiku nilikuwa napata usingizi.

Nakaa na mama, nyumba ya pili ukitoka kwenye njia ya ziwani. Mama ni mfanyabiashara wa mawese. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ni fundi wa moteri kwenye boti ya mbao inayovuka kwenda upande wa Kongo na bidoni tupu, yaani madumu ya mafuta, za wafanyabiashara wa hapa, ikarudi nazo zimejaa. Kwenye boti wanakuwa wanaume wanne: nahodha, mdogo wangu, na wapakiaji wawili. Mmoja wa wapakiaji ni mtoto wa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

Jirani huyo alikuja kutoka Kivu ya Kusini zamani za vita, mtoto akiwa mgongoni. Mume hakufika. Yeye na mama wamezeekea pamoja. Mmoja Ijumaa yuko msikitini, mwingine Jumapili yuko kanisani anaimba kwaya kwa sauti inayovuka ukuta, na kati ya siku hizo mbili wanagombana juu ya chumvi na kuazimana kila kitu. Kinu ni kimoja kwa nyumba zote mbili. Akitaka kutwanga sombe, majani ya muhogo, anakuja kukichukua uani kwetu bila kubisha hodi, na sisi tukikihitaji tunakifuata kwake.

Lazima nieleze habari ya bidoni, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotupata. Bidoni za Rumonge zote ni za manjano na zote zinafanana, kwa hiyo kila mfanyabiashara anaweka alama yake. Alama ya mama ni mstari wa rangi ya kijani unaozunguka shingo. Miaka hii ziwa lilipanda, likaingia mpaka kwenye depo za mafuta za ufukweni, likabeba bidoni za watu bila kuchagua. Za mama zilikwenda nyingi mno. Tangu hapo zimekuwa zikirudi moja moja. Mvuvi anaikuta imekwama kwenye matete, mkulima wa Minago, kaskazini mwetu, anaikuta shambani kwake ambako sasa ni maji, na yeyote aliyeipata anaileta kwa mwenye alama. Anaanza kupiga kelele toka njiani, "Mama, mutoto wako amepatikana!" Mama anatoka anacheka, anampimia mawese kidogo kwenye chupa, murakoze, murakoze, na wanaagana.

Lakini kuna namna nyingine ya kuileta. Ikiwa usiku kulikuwa na upepo na kuna boti haijarudi, anayeokota kitu chenye alama hapigi kelele. Anakuja kimya, anakilaza ubavu mbele ya mlango, anavua kofia, anaondoka bila kusalimia. Sijui nani alianzisha. Ila kila mtu wa mwambao huu, Mwislamu na Mkristo, akiona kitu kimelazwa mlangoni kwa jirani, anajua.

Boti ilikuwa irudi Ijumaa jioni. Ijumaa usiku upepo wa kusini ukavuma, mabati yakagonga mpaka alfajiri. Jumamosi asubuhi boti hakuna. Nikapiga simu ya mdogo wangu, yule mwanamke wa mtandao akaniambia hapatikani. Nilipiga tena na tena kama mtu anayekuna upele.

Halafu nikajikemea. Nikajiambia, mwalimu, fanya kazi yako. Mdogo wangu akiwa upande wa Kongo simu haishiki kamwe. Akiwa amezama, Mungu apishe mbali, simu pia haishiki. Neno linalosemwa sawasawa katika hali zote mbili halikuambii uko katika hali gani. Kwa hiyo simu haikuwa imeniambia kitu, si kibaya wala kizuri. Nilimweleza mama hivyo hivyo. Mama alinitazama, akarudi kuchambua mchele ambao alikuwa ameshauchambua.

Jirani akaingia. Hakuja kwa kinu. Alisimama amejifunga kitenge mpaka kifuani, macho mekundu, hata salamu ya amahoro hakusema. Mama alimwonyesha kiti, hakukaa. Akanigeukia mimi.

"Mwalimu, weye unajua hesabu. Niambie kweli, batarudi?"

Nikamuuliza, tangu mwanao aanze kazi kwenye boti hiyo, imechelewa mara ngapi? Akasema lo, nyingi, haihesabiki. Nikamuuliza, kati ya mara zote hizo, imewahi kukosa kurudi? Akafikiri kwa haki kabisa, akiangalia chini. Akasema hapana, haijawahi. Nikamwambia basi hilo ndilo jibu. Nahodha ni mtu mzima, akiona mawimbi anakaa ng'ambo anakunywa chai. Kati ya boti zinazochelewa, karibu zote ziko salama, zimengoja upepo tu. Woga wetu unakumbuka ile moja iliyozama na kusahau zile zote zilizofika.

Niliona mabega yake yakishuka. Alipiga makofi kidogo, akasema Mungu akubariki na masomo yako, na akasema kwa kuwa ni hivyo acha aende sokoni atafute majani ya muhogo, maana mtoto wake akitoka ziwani anakuja na njaa ya watu watatu. Alipotoka mama alisema kwa sauti ya chini kwamba anatamani na yeye angekuwa na imani kama ya huyu. Nikakasirika kidogo. Nikamwambia si imani, ni hesabu.

Haikupita muda mrefu. Mwanamume mmoja anayeshona nyavu huko chini ufukweni alikuja na bidoni ya manjano. Nilimwona kwanza mimi, nikiwa nimesimama mlangoni, na nilingoja apige kelele. Nilimngoja kwa moyo wangu wote aseme mtoto wako amepatikana. Alikuja kimya. Akailaza ubavu pembeni mwa mguu wangu, mstari wa kijani umeelekea juu, akavua kofia, akaondoka.

Mama alitoka akaiona. Hakulia. Alikaa pale pale kizingitini, akaweka mikono mapajani.

Wanawake wa mtaa hawakuitwa. Walikuja wawili, wakaja watatu, wamejitanda, kila mmoja akipita anaangalia ile bidoni na kugeuza uso. Mmoja akaleta mkeka wake, mwingine akaleta wake, wakatandika uani. Mwingine akaanza kuuliza taratibu nani atakwenda kumwambia imamu. Jamani, walikuwa wanaweka matanga ya mdogo wangu, na mimi nimesimama hapo nimeshika simu!

Nikapandwa na hasira, na nikiwa na hasira mdomo wangu hauna breki. Niliwaambia wote wanisikilize. Nikawaambia ni kweli, boti ikizama bidoni zake hufika ufukweni, karibu kila mara, hilo silikatai. Lakini mmeligeuza. Mnachokiona hapa ni bidoni, si boti iliyozama. Mnatakiwa kuuliza, kati ya bidoni zenye mstari wa kijani zilizofika ufukweni, ngapi zimetoka kwenye boti iliyozama? Niliwataja kwa majina wale waliokuwa wametuletea wenyewe, huyu alileta mbili, huyu mume wake alileta moja akapewa mawese. Zote zimetoka depo. Hakuna hata moja iliyotoka kwenye boti. Sasa kwa nini hii?

Walinisikiliza, nawashukuru. Mmoja, mwuza ndagala, wale dagaa wetu, mwenye akili sana, akasema polepole kwamba lakini mwalimu, hizo zingine hazikuja siku ya baada ya upepo. Nilijua papo hapo kwamba anaongeza sharti, na kwamba sharti lake ni zuri. Angekuwa mwanafunzi wangu ningempongeza. Nikamjibu kwamba upepo unazikwamua na zile za depo zilizolala kwenye matete, kwa hiyo siku ya upepo zote zinaongezeka, za depo na za boti. Lilikuwa jibu sahihi, lakini nilisikia sauti yangu imepanda.

Mama akasema bila kuinua uso, "Umefungua?"

Sikuwa nimefungua. Nilikuwa nimeiinua, nikaona ni nyepesi, nikaona kifuniko kimekazwa, na nikairudisha chini. Mimi ambaye kila siku nawaambia watoto habari mpya haiogopwi, inakaribishwa. Bidoni za depo zilikuwa za mawese, na mawese hata yakae majini mwaka mzima harufu haitoki. Bidoni za kwenye boti nazo zilikuwa za mawese, na si zote hurudi zimejaa. Nikifungua nikakuta mawese, tutabaki pale pale tulipo, na hesabu yangu itasimama. Lakini mdogo wangu alikuwa amechukua bidoni nne za mama za kuwekea esanse, petroli ya moteri, na hizo hazikurudi tena kwenye mawese, mama angemuua. Bidoni ya mstari wa kijani yenye harufu ya esanse haina mahali pengine pa kutoka isipokuwa kwenye ile boti. Kundi langu kubwa la bidoni za depo, ambalo nilikuwa nimejificha ndani yake tangu asubuhi, lingeondoka lote kwa kuzungusha kifuniko.

Wanawake walikuwa wananitazama. Kifuniko kiliteleza, nikakishika kwa upindo wa kanga. Kilipofunguka sikuhitaji hata kuinama. Esanse ilinipanda puani na nikasikia mwuza ndagala nyuma yangu akivuta pumzi.

Hapo nilitakiwa kunyamaza. Sikuweza. Nilipiga magoti mbele ya mama nikaanza kumwambia kwamba hata hivyo, bidoni moja ikitoka kwenye boti si lazima boti imezama, wimbi linaweza kuipokonya, na kwamba ukichukua watu mia waliokumbwa na upepo ule, na boti ya mbao nzuri, na moteri inayotunzwa, wengi wao kati ya hao mia...

Mama alinishika mdomo kwa kiganja chake. Si kwa ukali.

"Hao watu mia siwajui, mwanangu. Miye niko na mutoto mumoja kwenye maji."

Nilikaa kwenye mkeka kama wengine.

Jirani alirudi kutoka sokoni akiwa na fungu la majani ya muhogo kichwani. Alisimama getini. Aliona mikeka, akaona wanawake wamejitanda, akaona bidoni. Alipita katikati yetu mpaka kwangu, na hakuuliza chochote juu ya bidoni.

"Lakini ulisema zinarudi," akaniambia.

Nikamjibu kwamba nilisema, na bado nasema. Mungu ananijua, nilikuwa nahitaji mtu mmoja uani pale aamini, ili na mimi niegemee kwake. Alitikisa kichwa kukubali. Akainua kinu chetu kwa mikono miwili, akakibeba, akaenda kwake. Wanawake wakaangaliana, mmoja akataka kumfuata amkalishe chini, mama akasema mwacheni. Punde tukasikia mchi ukianza ng'ambo ya ukuta.

Sombe haina haraka. Alitwanga mchana wote. Alipumzika, akaanza tena, kwa mwendo ule ule, na kila aliponyamaza nilikuwa nauma ukucha mpaka aanze. Adhuhuri ilipita. Watu waliswali, wakarudi mikekani. Nilipiga simu tena nikijua haina maana, nikamsikiliza yule mwanamke wa mtandao mpaka mwisho.

Alasiri moto, pikipiki ya abiria, ilisimama nje. Nilisikia mtu anabishana na dereva kwamba hana kitu, atalipwa hapa nyumbani, na sauti hiyo niliijua tangu ikiwa ya kitoto. Mdogo wangu akaingia getini. Miguu mitupu, amevaa koti la mtu mnene, midomo imepasuka. Wanawake walilipuka kwa vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Mimi niliyekuwa nimewahubiria wote kwamba yuko salama, sikumfikia. Nilianguka mkekani nikalia kwa sauti, aibu tupu. Mama alisimama wima, akamshika masikio, akamshika kichwa, akampapasa mikono mpaka vidole kama anayekagua nguo iliyotoka dukani. Akamuuliza viatu vyake viko wapi.

Wakamkalisha, wakampa uji. Akasema boti ipo. Moteri ilizimika katikati ya mawimbi, maji yakaingia, wakatupa mzigo wote, wakachota maji usiku kucha, na upepo ukawasukuma mpaka mbele ya Minago ambako walifika ufukweni kukipambazuka. Boti ni nzima, imevutwa juu ya mchanga, wavuvi wa huko wanaichunga. Nilipofuta machozi kitu cha kwanza kilichonijia, sitaficha, kilikuwa furaha ya mwalimu. Boti imerudi. Kati ya zinazochelewa, karibu zote hurudi, na hii nayo imerudi. Nilimtafuta mwuza ndagala kwa macho nimwonyeshe.

Upande wa pili wa ukuta mchi ulikuwa umeongeza kasi. Jirani alikuwa amesikia vigelegele.

Mama ndiye aliyeuliza, tena kwa kunong'ona. "Muko wangapi?"

Mdogo wangu aliweka kikombe chini. Akasema watatu. Akasema wimbi lilimchukua mwenzao, mtoto wa jirani, akiwa nyuma anachota maji, na waliposikia sauti yake gizani walimwaga esanse ya bidoni moja, wakakaza kifuniko wakamrushia iwe ya kuelea. Hawakumwona tena, lakini sauti ilisikika kidogo baada ya hapo, na ndiyo maana hawakurudi mapema. Tangu alfajiri walikuwa wanatembea ufukwe wote kutoka Minago, yeye na wenzake, wakimtafuta kwenye matete na kwa wavuvi. Walijipa moyo.

"Tulisema kama ameishika ile bidoni, yuko salama mahali fulani," akasema.

Ndipo alipogeuka kutafuta mahali pa kuegemea, akaiona. Ilikuwa bado mlangoni, imelazwa ubavu, kifuniko kikining'inia kwenye uzi wake. Aliinama akainusa esanse. Halafu akafunika uso kwa mikono yake na mabega yakaanza kutikisika, na hapakuwa na haja ya mtu kumwelezea mwenzake. Yule mwanamume wa nyavu aliipeleka bidoni kwa mwenye alama, kama inavyotakiwa. Alama ilisema bidoni ni ya nani. Haikusema msiba ni wa nani. Siku nzima tulikuwa tumekalia mikeka kwenye nyumba isiyo ya msiba.

Na mimi asubuhi nilikuwa nimehesabu boti. Jirani hakuwa ameniuliza juu ya boti. Kati ya nani, ndiyo swali langu, nalibeba kila mahali, naliandika ubaoni kwa herufi kubwa, na mwanamke yule aliposimama mbele yangu na kitenge chake sikujiuliza. Boti inayorudi na watu watatu, kwangu ilikuwa imerudi.

Mama alivaa ushungi. Aliniambia nifuate. Nilitaka kusema aende na mwingine, mtu mzima, mtu wa kanisani kwao, lakini alikuwa ameshatangulia, na mwuza ndagala alinisukuma mgongoni kwa upole.

Uani kwa jirani moto ulikuwa umewashwa na sufuria iko juu, maji yanachemka. Alikuwa ameinama kwenye kinu, uso wote jasho, na alipotuona alicheka, meno yote nje. Alisema amesikia, amesikia vigelegele, Mungu ni mwema. Akasema yeye alijua tangu asubuhi, wale wanawake walikuwa wanamtisha bure na mikeka yao, mwalimu alishasema. Mama alimkaribia akamshika mkono ulioshika mchi. Yeye akaangalia nyuma yetu, getini, akangoja kidogo, halafu akaniangalia mimi. Si mama. Mimi.

"Wangu iko wapi, mwalimu? Amebakia kuchunga boti?"

Nilisema hapana, mama. Boti wanaichunga wengine. Wamefika watatu.

Hakuachia mchi. Aliinama akaangalia ndani ya kinu, akaingiza vidole, akayasugua yale majani kati ya kidole gumba na cha shahada kama wanavyofanya kuona kama bado. Yalikuwa yameshalainika.